Siku Bi Beryl Alipokaguliwa

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Beryl Sugden alikuwa akiingia nyumba za watu kutafuta sababu ya kuwanyima mbwa, na hakuwahi kuionea haya kazi hiyo. Chama cha kuokoa mbwa wa Airedale kilikuwa na watu wa kuchangisha, watu wa kuendesha magari, na watu wa kuwapiga mbwa picha za kutia huruma. Beryl alikuwa mtu wa kusema hapana. Akikuahidi saa nne, atafika saa tatu na nusu, akukute hujachana nywele. Atalitikisa geti kwa mikono miwili, atazunguka nyuma ya banda kuangalia kama uzio umefika chini, kisha ataingia jikoni na kuomba chai ambayo hana haja nayo. Anachotaka ni kuuona uso wako wakati Nell, mbwa wake, anapotoa ndevu kwenye bakuli la maji na kuja kuzifutia kwenye suruali yako. Ukicheka, umefaulu nusu. Ukikimbilia kitambaa, nenda ukafuge samaki.

Alikuwa na haki ya kuwa mkali. Mbwa hawa asili yao ni bonde hilo hilo la Mto Aire, kaskazini mwa Uingereza, alikoishi Beryl, na wenyeji huwazungumzia kama watu wanavyowazungumzia wajomba zao: wakaidi, wezi wa nyama, vichekesho, na hakuna wa kufanana nao. Mtu wa mbali huona picha, mbwa mkubwa mwenye mgongo mweusi na miguu ya rangi ya mkate ulioiva vizuri, akadhani amepata pambo la sebuleni. Miezi mitatu baadaye pambo limechimba bustani nzima, limekula siagi na karatasi yake, na simu inalia chamani. Hao ndio mbwa waliokuwa wakiletwa, wameshakataliwa mara moja au mbili, na Beryl aliapa kwamba hakuna atakayekataliwa tena kwa uzembe wake yeye.

Sasa Nell alikuwa amekufa tangu Februari, Beryl mwenyewe alikuwa na miaka sabini na tisa, na asubuhi hiyo ya Jumanne, mwezi wa Oktoba, yeye ndiye aliyekaa jikoni kwake Bingley akimsubiri mkaguzi.

Alikuwa ameanza kusafisha tangu Jumapili. Jumatatu mchana akajishtukia. Nyumba inayong'aa humtia mkaguzi wasiwasi, na aliyefundisha hivyo ni nani kama si yeye? Basi akalitwaa koti la mvua akalitupa juu ya kiti. Akaviweka viatu vya tope mlangoni, akavitazama, akaona vimekaa kama vya dukani, akavipiga teke. Mtu mzima na mvi zake, anahangaika kupanga uchafu. Alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka, kwa sababu ukweli ni kwamba alikuwa na hofu.

Alimtaka mbwa. Wala halikuwa jambo la kuzungusha maneno. Tangu Nell aondoke, hakukuwa na mtu wa kumtoa kitandani asubuhi kwa kumpumulia usoni, na Beryl alikuwa ameanza kuzungumza na birika. Mumewe, Frank, alikuwa amefariki miaka kumi na miwili iliyopita, Beryl akamlilia na akapona, maana Nell alikuwepo. Safari hii hakukuwa na Nell wa kumponya na Nell.

Fomu ya chama ilikuwa na maswali ishirini. Kumi na nane ya kwanza angeweza kuyajibu amelala. Lililomnyima raha ni la kumi na tisa, nalo alilitunga yeye mwenyewe, miaka hiyo alipokuwa na magoti mazima. Lilisema kwamba aliyepita miaka sabini na mitano hapewi mbwa mpaka ataje mtu mwenye umri mdogo kuliko wake atakayemchukua mbwa huyo siku mwenyewe akifa au akishindwa, na kwamba nyumba ya mtu huyo nayo itakaguliwa kama nyumba nyingine yoyote. Hakuna jina, hakuna mbwa.

Kwa swali hilo aliwahi kumnyima mbwa Bwana Ernest Holdsworth wa Baildon, dereva wa basi mstaafu, miaka themanini na miwili. Uzio wake ulikuwa mzuri kuliko wa gereza. Nell alipomlowesha suruali, yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini hapo kwenye la kumi na tisa aliacha wazi, na Beryl akamwandikia barua ya mistari miwili. Baada ya mwaka akasikia amefariki. Alijiambia alifanya sawasawa, na mpaka leo aliamini hivyo. Ila mkuki kwa nguruwe. Sasa fomu yake mwenyewe ilikuwa mezani, na penye la kumi na tisa palikuwa peupe. Hakuzaa. Alikuwa na mpwa mmoja Australia, wa kadi za Krismasi. Rafiki zake wote walikuwa wa rika lake, wakishindana nani atatangulia.

Saa nne kamili kengele ikalia. Kosa la kwanza hilo, Beryl akasema moyoni, ungefika mapema. Geti halikutikiswa. Kosa la pili.

Mlangoni alisimama Janine Rushworth, miaka arobaini na minane, mpokea wagonjwa wa daktari wa meno kule Shipley, mwanafunzi wa Beryl katika ukaguzi kwa miaka kumi na sita. Alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa kucheka, na siku hiyo alikuwa amecheka kabla hata ya kuingia. Alimkumbatia Beryl, akasifu mapazia, akakaa, akatoa fomu, akaanza kuweka alama za vyema haraka haraka kama mtu anayekimbilia gari moshi. Uzio, sawa. Bustani, sawa. Saa za mbwa kukaa peke yake, akasema hilo halina hata haja ya kuuliza. Beryl aliiangalia kalamu inavyokwenda, wala hakufurahi.

Alinyanyuka kuwasha birika, na hapo dirishani akaliona gari la Janine. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kichwa kirefu, masikio yamekunjika, ndevu zimeganda kwenye kioo. Kikawa kinamtazama.

"Janine," alisema bila kugeuka. "Kuna nani garini?"

Kalamu ikasimama. "Anaitwa Digby."

"Umemleta mbwa kwenye nyumba ambayo haijapasishwa."

"Bi Beryl, nyumba yenyewe ni yako."

"Nilikufundisha nini mimi?"

Janine akalijibu kwa sauti ya mtoto wa shule: mbwa haletwi kabla ya nyumba kupita, kwa sababu akishauona mlango, hakuna binadamu atakayekuwa na moyo wa kusema hapana. Kisha akamweleza habari za huyo Digby, akijua kabisa anachofanya. Ana miaka sita. Bwana wake wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Otley, akafariki kwenye kiti chake cha kuotea moto, na mbwa alikaa miguuni pake siku mbili mpaka jirani alipopata shaka. Akapelekwa kwa familia moja Leeds. Huko, kila wakienda dukani, alilia mpaka mtaa mzima ukalalamika, na baada ya wiki tatu wakamrudisha. Janine alipomwona alisema huyu ni wa Bi Beryl, akampakia.

Beryl aliisikiliza habari hiyo huku ameipa meza mgongo. Mbwa aliyekwisha kukaa na maiti siku mbili, na wao wanataka kumleta kwa bibi wa miaka sabini na tisa. Alimhurumia, akamtaka, akajichukia kwa kumtaka, yote kwa pamoja.

"Akiingia humu kisha nikashindwa," alisema, "itakuwa nyumba ya tatu kumtoa."

"Hushindwi."

"Umejuaje? Hata geti hujalitikisa. Toka nje uanze upya."

Janine alidhani ni mzaha. Haukuwa. Alipewa koti lake, akatolewa, akafungiwa mlango, na kupitia dirishani Beryl akamwona amesimama njiani katika manyunyu, akisema peke yake maneno ambayo bora hayakusikika. Kisha akalishika geti. Mwanzoni alilitikisa kwa hasira tu, lakini mazoea ni mazoea, na baada ya hapo akachuchumaa, akapima nafasi ya chini kwa kiganja, akazunguka nyuma ya banda. Aliporudi alikuwa na matope magotini na uso wa kazi. Nyuma ya banda kuna shimo, akasema, chini ya uzio, kichwa cha mbwa kinapita. Beryl alijua. Nell ndiye aliyelichimba, naye hakuwa na moyo wa kulifukia. Alisema atalifukia leo.

Kuanzia hapo mambo yakaenda inavyopasa. Janine aliuliza kila kitu, na Beryl akamjibu kila kitu, hata ambayo alikuwa amepanga kuyaficha. Alikiri kwamba mwezi wa Machi alianguka kwenye ngazi za nyuma na hakumwambia mtu. Alikiri nyonga yake haiwezi tena kushindana na mbwa wa kilo thelathini aliyeona kindi. Kwa hilo alikuwa amejipanga: Nasreen, nesi wa nyumba ya pili, alikuwa akikimbia kila alfajiri na amekubali kukimbia na mbwa, ingawa kwa zamu zake hawezi kufuga. Janine akaandika. Akauliza Nasreen akiwa zamu je? Beryl akasema hapo atamtembeza mwenyewe polepole kando ya mfereji, ambako kindi ni wachache. Janine akaandika na hilo, na Beryl akajiona ameanza kuwa na fahari na mwanafunzi wake.

Kisha Janine akageuza ukurasa, akaugeuza mwingine juu yake, akauliza la ishirini, ambalo lilihusu daktari wa mifugo.

"Umeruka," Beryl akasema.

"Sijaruka."

"Janine."

Janine aliilaza kalamu. Akaeleza kwamba ameshazungumza na Clive, mwenyekiti, na Clive amesema kwa Bi Beryl swali hilo watalilegeza. Amekifanyia chama makubwa. Nyumba mamia amekagua. Hakuna mtu kwenye kamati atakayenyanyua mkono kupinga.

Hapo Beryl akamtolea uvivu. Akamkumbusha Ernest Holdsworth wa Baildon, na uzio wake, na barua ya mistari miwili.

"Yule tulimlegezea?"

"Yule hakuwa wewe."

"Alimtaka mbwa?"

"Alimtaka."

"Alikuwa na mtu wa kumwandika?"

Janine akatikisa kichwa.

"Basi alikuwa mimi," Beryl akasema. "Niulize."

Janine aliitazama fomu. Mikono yake, ambayo kila siku ilipokea watu wenye meno mabovu bila wasiwasi, ilikuwa imeushika ukingo wa meza. Alipofungua mdomo, sauti haikuwa yake.

"Siwezi. Nikikuuliza hilo itabidi nikufikirie umekufa."

Kumbe ndiyo sababu. Siyo Clive, siyo kamati. Beryl alikuwa tayari kwa mabishano, lakini kwa hilo hakuwa tayari, na ilibidi atazame birika kidogo. Hakuna mtu aliyemwambia jambo la namna hiyo tangu Frank.

"Mwanangu," alisema, naye hakuwa na desturi ya kutumia neno hilo, "mimi najifikiria hivyo kila nikipanda ngazi. Haiumi sana. Niulize tu."

Basi Janine akauliza, neno kwa neno kama lilivyoandikwa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni: siku ukifa au ukishindwa, nani atamchukua mbwa?

"Sina mtu," Beryl akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti. Halikuwa na mlio wowote wa ajabu. Liliingia jikoni likakaa, kama mgeni asiyejua aanzie wapi. Garini Digby alibweka mara moja, akanyamaza.

Janine akachukua kalamu, akainama, akaandika. Beryl alinyoosha shingo. Lilikuwa jina la Janine Rushworth.

"Unaandika kwa huruma," akasema.

"Naandika kwa kalamu."

Beryl hakucheka, ingawa alitaka. Mbwa wa mwisho wa Janine, Toby, alikuwa amekufa kwa saratani miaka minne iliyopita, na Janine aliapa mbele ya chama kizima kwamba hatafuga tena mpaka anaingia kaburini. Kusaidia atasaidia, kufuga hapana. Watu walijaribu kumbembeleza, wakachoka. Na sasa, dakika moja ya machozi, kiapo kimeyeyuka? Beryl alikuwa ameona ahadi nyingi za namna hiyo kwenye meza nyingi. Ahadi ya huruma hudumu mpaka mvua ya kwanza, pale mbwa anapotaka kutoka nje na mwenye huruma hataki kuacha blanketi.

"Vaa koti," akasema. "Twende kwako."

"Kwangu? Leo?"

"Sheria inasema nyumba ya mtu huyo nayo itakaguliwa. Na mkaguzi mwingine wa karibu na hapa ni mimi."

"Bi Beryl, nyumba yangu haijaguswa tangu juzi."

"Vizuri sana. Yangu nilitumia siku mbili kuipanga iwe hivyo."

Wakaingia garini. Beryl alikaa mbele, akatazama barabara, akakataa katakata kugeuza kichwa, kwa kuwa hakuna nyumba iliyokuwa imepita bado na sheria ni sheria. Digby hakuijua sheria. Kabla hawajafika mzunguko wa kwanza alikuwa ameshaupenyeza mdomo kati ya viti, akautua begani pa Beryl na ndevu zake zilizolowa, akashusha pumzi ndefu kama mzee aliyefika kwake. Maji yakamwingia Beryl shingoni, yakashuka mgongoni. Alikaa wima mpaka Shipley, mikono mapajani, kama mtu aliye kanisani, na Janine alikuwa muungwana wa kutosha kutazama njia tu.

Ajabu ni kwamba kwa miaka yote kumi na sita Beryl hakuwahi kuikanyaga nyumba ya Janine. Siku zote Janine ndiye aliyekwenda kwake, au walikutana kwenye kazi za chama. Ilikuwa nyumba ya mwisho kwenye safu ya nyumba za mawe, na uani palikuwa na ukuta mrefu ambao Beryl aliukubali bila kusema. Komeo la geti lilikuwa limevunjika, geti limefungwa kwa kipande cha kamba ya kuanikia nguo. Ndani kulikuwa na vyombo vya kiamsha kinywa kwenye sinki na soksi moja kwenye ngazi. Beryl alipita chumba hadi chumba. Alipofungua kabati la chini ya ngazi kutafuta sumu za panya na vitu vya namna hiyo, alikuta kitanda cha mbwa, bado kimefunikwa blanketi la mistari, na kwenye blanketi manyoya mafupi ya rangi ya hudhurungi. Miaka minne. Alilifunga kabati taratibu.

"Umeshindwa," alimwambia Janine jikoni. "Geti lile hata paka atalifungua."

Janine hakubisha. Alitoka na bisibisi, akang'oa komeo zima la mlango wa banda, akalihamishia kwenye geti, huku Beryl ameshika skrubu kwenye kiganja na kumwelekeza mahali pa kutoboa, mara mbili kwa makosa. Walichukua dakika arobaini, wakalowa. Walipomaliza, Beryl alilitikisa, likakataa kabisa kufunguka, akaliandikia alama ya vyema. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu.

"Utaweza kumpenda mwingine?"

Janine alifuta bisibisi kwenye sketi yake ya kazini. "Sijui," alisema. "Kumchukua nitamchukua. Hilo najua. Kumpenda sijui."

Lilikuwa jibu ambalo Beryl alikuwa akilitafuta kwenye nyumba za watu kwa miaka thelathini na mmoja, na alilipata mara chache mno. Wanaosema watapenda mpaka mwisho wa dunia ndio hao hao wanaorudisha mbwa kwa ajili ya siagi. Aliichukua fomu, akaandika chini yake kwamba nyumba zote mbili zimepita, akatia sahihi pale pa mkaguzi kwa ajili ya Shipley, na Janine akatia yake kwa ajili ya Bingley.

"Sasa mtoe," akasema. "Mlete humu."

"Humu kwangu? Si tumpeleke kwako kwanza?"

"Humu kwanza."

Digby alishuka, akajinyoosha, akalikojolea pipa la taka, akaingia. Alinusa soksi kwenye ngazi. Alinusa mlango wa kabati la chini ya ngazi kwa muda mrefu sana. Hapo tu ndipo Beryl alipochuchumaa, nyonga ikilalamika, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumtazama. Alikuwa na macho meusi, madogo, yenye mashaka. Beryl alijitambulisha kwake kwa jina, kwa sababu ni adabu.

"Huyu mzee wake alipokufa alikaa naye siku mbili," akamwambia Janine bila kunyanyuka. "Kisha akachukuliwa na watu asiowajua, akapelekwa nyumba asiyoijua. Ndiyo maana analia mtu akienda dukani. Mimi sitamfanyia hivyo mara ya pili. Siku yangu ikifika asije hapa kama mgeni. Aje kama anavyokuja kila Jumapili."

"Kila Jumapili?"

"Unapika nini Jumapili?"

Janine alifikiri. "Mkate na jibini."

"Basi utajifunza kupika."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Digby alikwenda kuishi Bingley, akalifukua shimo la nyuma ya banda wiki hiyo hiyo, akakimbia na Nasreen alfajiri, na akawa akimwamsha Beryl kwa kumpumulia usoni, jambo ambalo Beryl alilalamikia kwa kila aliyemsikiliza, akiwa na furaha isiyofichika. Na kila Jumapili Janine alikuja kuwachukua kwa gari. Walikula nyama iliyoungua upande mmoja, kisha Beryl alivaa koti, akatoka peke yake, akaifuata barabara mpaka kwenye kona, kwenye benchi la kituo cha basi. Hapo alikaa na gazeti, akisikiliza.

Jumapili ya kwanza Digby alilia dakika thelathini na tano, na jirani wa Janine akatoka nje na kandambili kuuliza nani anauawa. Ya pili alilia vile vile. Beryl alikuwa akirudi amepauka, na mbwa akimrukia kana kwamba ametoka vitani. Janine aliomba waache mchezo huo, alisema ni ukatili. Beryl alimwambia ukatili ni kumwachia siku ya kwanza iwe ndiyo siku yenyewe. Ya nne alilia dakika kumi. Ya sita alinyamaza mapema, ila Janine alisema alisimama dirishani muda wote, hakukaa.

Jumapili ya tisa ilikuwa katikati ya Desemba, baridi ya kukata masikio. Beryl alifika benchini, akafungua gazeti, akasikiliza. Basi likapita. Akasubiri. Aligeuza kurasa bila kusoma. Baada ya nusu saa hakuwa amesikia hata mlio mmoja, akaanza kuogopa kwamba kuna jambo, akarudi polepole akiushika ukuta kwa sababu ya barafu, akachungulia dirishani.

Janine alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, televisheni ikiendelea. Juu ya miguu yake, chali, miguu minne hewani na ndevu zimeanguka nyuma, alilala Digby. Chini yao kulikuwa na blanketi la mistari.

Kitu cha kwanza alichokisikia Beryl kilikuwa wivu, mkali, wa kitoto, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Mbwa wake. Miguuni pa mtu mwingine. Halafu ikaja faraja, akaegemea fremu ya dirisha. Amepata alichokuwa akikitafuta kila Jumapili kwenye baridi ile, na kilimuuma, na asingekubali kukibadilisha na chochote. Alilia pale pale njiani, bila kujificha, na mwanamume aliyekuwa akipita na mtoto wake alimwambia habari za mchana, naye akaitikia.

Angeweza kugonga. Digby angeruka, angemwangusha Janine, angekuja kumlamba uso mzima, na mkono wake ulikuwa tayari umeshanyanyuka. Akaushusha. Akaurekebisha mtandio shingoni, akarudi kwenye kona, akawapa dakika kumi zaidi.